Kugonga Mara Moja

Hara Kubwa, Jerba
Tarehe 10 Nisani

Mpendwa Shangazi Toita,

Bado nausikia mlio wa pete ya chuma ya kugongea mlangoni kwetu, lakini adabu kwanza. Naubusu mkono wako kutoka mbali. Hujambo? Baridi ya Marseille imeyaachia magoti yako? Sisi ni wazima. Mama anakusalimu, ingawa wiki hii amekuwa mkimya.

Utotoni nilikuwa nikimshika mama sketi tukipeleka makapu ya sadaka kwenye milango ya wenye shida kabla ya Pasaka. Akigonga mara moja tulikimbia, na ole wangu nikigeuka kumwona anayepokea.

Juzi mlango uliogongwa ulikuwa wetu.

Mwaka huu, kama ujuavyo, ni mrefu: mwezi wa Adari umekuja mara mbili. Akiba aliyotuachia marehemu baba, ndugu yako, ilikuwa ya miezi kumi na miwili; wa kumi na tatu umetukuta mafuta yakiwa yamebaki chini kabisa mtungini.

Kapuni mlikuwa na mikate isiyotiwa chachu, mayai, maharage mabichi na paja la kondoo. Mama hakuligusa kapu hilo. Aliniagiza nilirudishe kwa wazee wa sinagogi.

“Mimi hugonga, Kamuna. Sigongewi.”

Nikamwambia ndivyo alivyonifundisha mwenyewe, kwamba aliyetoa asijulikane, sasa nimrudishie nani? Akanijibu kuwa shule imenirefusha ulimi. Mjomba Khlafo alipopita akamtania kwa kumwuliza huyo kondoo ana kosa gani. Mama hakucheka.

Nimefikiri sana, Shangazi. Nadhani kilichomuuma ni kuuona mkono wake umekwisha kazi ya kutoa. Ndipo nikakumbuka kuwa sheria yetu haimsamehe mtu: hata anayeishi kwa sadaka sharti naye atoe.

Kabla sijamaliza habari hii, nisije nikasahau: nisalimie binamu Fraji na mkewe Zwiza. Mungu akuketishe mezani usiku wa Pasaka ukiwa na afya, na mwakani akuketishe kwetu.

Basi jana, bila kumwuliza mama, niligawa mikate na mayai nusu kwa nusu, nikafunga fungu moja katika kitambaa chake cheupe, nikamwomba anisindikize. Alikuja akinung'unika. Mlango wenyewe sikutajii hata wewe. Nilipoinua mkono, wake ulikuwa umeshaifikia pete. Akagonga mara moja, tukaondoka.

Njiani aliniuliza kama paja la kondoo limo kwenye friji au nimeliacha liharibike. Limo, Shangazi. Nililiweka asubuhi.

Nakupenda kama alivyokupenda baba,
Kamuna