Mgeni Aliyepita Nyuma ya Marobota

Kaka Chinyama,

Marobota yako ya mwisho bado yapo kona ya ndani ya stoo, na laoban hataki mtu ayaguse. Bosi mzima, mwenye stoo yake hapa Huangpu, aliyekuwa akitufokea tukichelewesha mzigo, siku hizi anaizunguka kona ile kwa mbali. Kila asubuhi anachoma udi wa kwao na kuweka kikombe cha chai sakafuni. Nilimwuliza kama amesikia kitu. Akanijibu kwa Kichina "meiyou", hakuna, upesi upesi kama vile nimemwomba apunguze bei, kisha akajifanya ana shughuli na simu.

Mimi nimesikia. Nilikuwa soko la Shahe nachagua jinzi, wauzaji wanapiga makofi na vipaza sauti vinapayuka kama kawaida yao, na chini ya kelele zote zile ikapita sauti nyembamba ya puani. Nikasoma Ayatul Kursi pale pale na jinzi mkononi, muuzaji akadhani napiga hesabu.

Nimekukumbuka vibaya, kaka. Tangu mwili wako urudi kwenu Zambezi, kazi ya kufunga mizigo wameishika vijana wawili wa Nairobi. Wachapakazi, siwasemi vibaya, lakini wanaongea kutwa nzima. Wewe ulikuwa unafunga robota kimya kimya, ukinyoosha utepe wa gundi kwa kiganja, na mimi nakutania kwamba jina lako ni la buchani. Ulikuwa unasema sisi watu wa Kariakoo tunaona kila kitu ni chakula. Nani atanijibu hivyo sasa?

Lakini si kwa hayo nimeshika kalamu. Nina ujumbe wako kutoka kwa mkeo.

Mama Kayombo alinipigia baada ya arobaini. Kiswahili chake ni kile kile cha Tunduma, mlikoishi ulipokuwa dereva wa malori. Hakulia. Aliniambia, "Wifi, uso wake ninao kwenye picha. Sauti ndiyo inaniponyoka. Nitumie hata neno moja."

Nikatafuta, kaka, nikatafuta. Wewe na simu yako! Watu wote wanatumiana sauti, wewe hata "ndiyo" uliiandika. Simu yako imefungwa kwa namba ulizokwenda nazo kaburini. Nikakumbuka kwamba ninayo rekodi moja tu, ya siku ile ya mvua.

Unaikumbuka. Tulikuwa stoo tukisubiri lori la kontena. Asubuhi yake ulinisimulia habari za makishi, wazee wenu waliokufa wanaofufuka makaburini wakati wavulana wako jandoni, wanakuja na nyuso za magome ya miti, wanasema kwa sauti isiyo ya binadamu. Wanawake wanawapigia makofi na kuwaimbia. Nikakuuliza nani huwa anavaa. Ukakunja uso, mara yangu ya kwanza kukuona hivyo. "Likishi hana mtu ndani, dada," ukasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mchana nilikuwa nimekaa nimewapa mgongo nyote, namrekodia mteja wangu maelezo ya jinzi, ndipo ikaanza. Ilianzia chini, nzito, kama inatoka ndani ya saruji. Ikapanda, ikawa nyembamba, inatetema, si ya mwanamume wala ya mwanamke. Ikakohoa. Ikacheka. Kisha ikaita kitu kwa lugha yenu kutoka nyuma ya marobota, na laoban akaangusha bilauri yake. Kidole changu kilibaki kimeganda juu ya simu.

Kulipotulia ukaja ukaniuliza kama kuna mtu alipita, maana wewe ulikuwa umetoka. Nilicheka mpaka machozi. Wewe hukucheka. Uliniuliza mgeni amesema nini, na kama nilimpokea kwa adabu. Nikajua ndiyo utaratibu wenu, nikakuachia. Mtu mzima mimi, nilijua aliyekuwa nyuma ya yale marobota.

Rekodi ile sikuwahi kuisikiliza yote. Ikifika pale inapocheka, nazima.

Basi kwa furaha yangu nikamwambia mkeo: ninayo sauti ya mumeo, anaigiza likishi. Mdomo wangu huu! Akasema taratibu, "Mume wangu hajawahi kutoa sauti hiyo. Umemsikia mwingine." Akakata. Nilimpigia, hakupokea.

Niliumia sana. Nilimwelewa baadaye, nikiwa kwenye treni nimeshika chuma. Mwanamke yule amewapigia makofi makishi tangu utotoni, na hajawahi hata mara moja kusema huyu ni fulani. Mimi wifi wa kuokota ughaibuni nataka aseme hivyo kwa mumewe, tena mumewe akiwa kaburini. Akiikubali sauti ile kuwa yako, amevunja heshima ya kwao. Akiikataa, amebaki bila sauti yako maisha yake yote.

Nikampigia tena kwa namba ya jirani yangu Mkongo. Alipopokea, sikumpa nafasi. Nikasema: Mama Kayombo, siku moja ya mvua likishi alipita stoo kwetu. Mumeo hakuwepo, alikuwa ametoka. Simu yangu ikamnasa mgeni.

Nilimsikia akivuta pumzi. "Kama ni hivyo," akasema, "nimsikie."

Nikamtumia. Jibu lake la sauti lilikuja kesho yake, nikiwa stoo, vijana wamekwenda kula. Kwanza ni makofi, ya wanawake wengi, sijui aliwaita wangapi. Wakaimba. Kisha mkeo akazungumza peke yake, na alikuwa analia kwa mara ya kwanza tangu ufe. Ameshukuru. Amesema mgeni amemsalimu vizuri, anamfahamu, hata kwao aliwahi kufika. Halafu akasema maneno haya, nami nayaandika kama yalivyo:

"Na mume wangu nimemsikia. Yuko mlangoni, anakuambia lori bado. Mgeni anaita, yeye anasema lori bado. Asante, wifi. Umenipa neno langu."

Kaka, nikakaa juu ya robota. Nikaifungua rekodi, ikafika pale inapocheka, na safari hii sikuzima.

Ni wewe. "Dada, lori bado," sauti yako ya kila siku, ya uchovu, mbali, upande wa mlango wa barabarani ambako mvua inasikika. Na papo hapo, karibu na simu, ile nyingine inaita na haijakata pumzi. Nimewasikiliza mara nyingi sana tangu siku hiyo. Hakuna pahala ambapo mmoja anamsubiri mwenzake anyamaze.

Laoban alinikuta pale na simu sikioni. Alichukua kikombe cha kwenye kona, akamwaga chai iliyopoa, akamimina ya moto, akakirudisha kwa mikono miwili.

Basi kaka yangu, mkeo amenituma nikufikishie: ulipokuwa umetoka mgeni alipita nyumbani, amepokelewa, na Mama Kayombo sasa analala. Mimi naogopa, siwezi kukudanganya, lakini nitaendelea kufanya kazi stoo hii. Rekodi sitaifuta, na sitamwambia tena mtu yeyote kwamba mgeni yule ni wewe. Pumzika kwa amani. Wakija wateja wako kukuulizia, nitawapa viti, na nitawaambia umetoka.

Dada yako,
Mwanahawa