Upande Wako wa Ukuta, Mama Koleta

Mwaka mmoja umetimia sasa, mama yetu Koleta Mukandayisenga, tangu ututoke hapa Mugoma, kiangazi, siku chache kabla ya watu kwenda kukandika kanisa.

Hukuwa na maneno mengi. Waliogombana uliwaita, ukawapa uji wa ulezi, na kabla vikombe havijaisha walikuwa wanacheka.

Kanisa letu la kigango lilijengwa na wazazi wenu kwa miti na udongo. Ni dogo, Krismasi nusu yetu husali nje. Kila nyumba ina upande wake wa kukandika, kwa udongo wa shamba lake. Wako ulikuwa karibu na mlango, mwekundu, wa kichuguu cha nyuma ya migomba. Mtu akiugua, ulikandika na wake bila kuombwa. "Mvua haingoji mtu apone," ulisema.

Ila shemeji yako Protasi, jirani yako, hukumwacha apumue.

"Shemeji, huo ni ukuta au mgongo wa chura? Rudia!"

"Shemeji, mvua haiangalii uzuri."

"Mungu anaangalia. Rudia."

Ulipoondoka, hakuna aliyegusa upande wako. Tulidhani ndiyo heshima. Mvua zikala udongo, fito zikaoza, ukuta ukainama. Baraza la kigango likasema bora kubomoa, watoto wasije wakaangukiwa. Hatuwalaumu. Tuliomba watupe kiangazi hiki kimoja tu tuutengeneze, lakini hata hapo tukawa tunatazamana: nani aanze?

Ni mkweo Joyness aliyetuuliza, tukiwa tunakula: "Wagonjwa Mama aliwakandikia. Yeye nani atamkandikia?"

Jumamosi tulikata fito mpya, tukachimba kichuguu chako, tukakanda udongo kwa miguu. Protasi alikuja kabla yetu. Alipomaliza sehemu yake alirudi nyuma, akaitazama.

"Shemeji angesema nirudie," akasema. Akarudia.

Ukuta umesimama, Mama. Baraza wameupima kwa kuusukuma kwa mabega yao, na habari ya kubomoa wameiacha. Misa yako itasomwa humo humo Jumapili hii.

Unakumbukwa na wanao Wiston, Zita na Emilian, mkweo Joyness, dada yako Anjelika, wajukuu wote, na shemeji yako Protasi, aliyeomba jina lake lisisahaulike.

Tutakukumbuka daima, Mama, kila kiangazi, tope likiwa miguuni.