Kamera Nzito Inayojua Kukataa

Mpendwa mume wangu,

Nimegombana na mdogo wangu kwa ajili yako. Amemletea binti yetu Ntumba kamera ndogo inayojipangia kila kitu, akasema anayeanza asianzie pagumu, atakata tamaa. Nikaitupa nje kamera yake. Hasira zangu unazijua. Ntumba, uliyeniachia tumboni, sasa ni msichana mkubwa, na atajifunzia kamera nzito kama yako. Nimeitafuta mpaka Lubumbashi.

Unakumbuka uliponifundisha mimi, kwenye studio yetu ya Musonoi, chumba kimoja na pazia? Nilikuomba ile ya kubonyeza tu. Ukanicheka, ukasema mikono iliyozoea kusonga unga wa bukari haiwezi kushindwa na kipande cha chuma. Nikaharibu filamu nzima nzima. Nilikutukana, nikalia, nikarudia. Wewe ulikuwa na jibu moja: "Ile kidogo itakupa foto. Hii itakufundisha mwangaza." Nilikuona mkaidi, na nilikupenda hivyo hivyo.

Kisha kazi za mgodi zikalala, mishahara ikakatika, na waliotafuta wa kumlaumu wakawapata ninyi, watu wa Kasai, wakasema mrudi kwenu. Mimi wa Katanga niliambiwa nibaki. Vijana wao walikutoa studioni kwa kukupiga minyororo ya baiskeli, na baadhi yao ulikuwa umewapiga picha za arusi zao. Walizimwagia picha zote petroli, hata ile ya arusi yetu, picha pekee uliyokuwamo. Nilimng'ata mmoja mkono mpaka nikaonja damu yake, na sijuti.

Kamera ilipona kwa sababu niliibeba mgongoni ndani ya kitenge, kama mtoto. Pale kituoni, watu wakiwa wamelala juu ya mizigo yao wakingoja treni, niliitoa nikupige. Jicho moja lilikuwa limevimba limeziba, meno ya mbele yamevunjika, na bado ulinifundisha. "Jua iko nyuma yangu," ulisema. "Fungua kidogo." Nikafungua tundu la lenzi, nikabonyeza. Ulikufa ndani ya behewa kabla ya kufika Mwene-Ditu, huko Kasai, lakini hilo nililijua baadaye.

Siku chache baada ya treni yako, mkubwa wa wale vijana alikuja kwangu. Familia kadhaa za Kasai zilikuwa zimejificha ndani ya kwaya ya parokia, na kwa kuwa walizaliwa hapa, lugha yao haikuwatofautisha na sisi. Majirani waliogopa kunyoosha kidole mbele ya padri. Kwa hiyo alitaka picha ya kwaya nzima, sura moja moja, aizungushe nyumba kwa nyumba watu wamwonyeshe kwa siri. Akanipa kamera ndogo waliyoipora kwa injinia mmoja. Nikamwambia hiyo siijui, nitatumia ya bwana yangu.

Niliwapanga wanakwaya kwenye baraza la kanisa, penye kivuli kizito. Nikafunga tundu la lenzi hadi mwisho, nikaweka kasi ya juu kabisa, nikawapiga wote kwa adabu. Mwangaza haukuwa na pa kupita. Mama mmoja wa Kasai, aliyekuwa mteja wetu, alinitazama mikono, akaelewa.

Yule mkubwa alisimama mlangoni nikiosha filamu. Niliyoisahau ni picha yako: ilikuwa ya kwanza kwenye filamu ile ile. Akaiinua kwenye mwanga, ingali na maji. Wewe ulitoka vizuri, picha bora niliyowahi kupiga. Baada yako, tupu.

"Mama," akaniuliza polepole, "juu ya nini foto ya bwana yako iko na sura, na ya bale bantu ba kwaya haina kitu?"

Walinipiga kwa kamera yenyewe mpaka lenzi ikapasuka na kifundo cha mkono kikavunjika. Nilijikunja kulinda tumbo. Filamu waliichoma mbele yangu. Walipokwenda parokiani, zile familia zilikuwa zimeshaondoka, chini ya magunia, kwenye lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu.

Hiyo ndogo ingeona kivuli, ingewasha flashi yake yenyewe na kuwatoa wote, jicho kwa jicho. Haijui kukataa. Nilimweleza mdogo wangu hivyo, akaenda kuokota kamera yake.

Lakini juzi Ntumba aliniuliza juu yako nikiwa namshikisha lenzi: "Mama, tata alikuwaka namna gani?"

Nikafungua mdomo. Nimeishi nawe miaka, nimekuosha mgongo, nimekucheka usingizini. Kilichonijia ni kile nilichokiona kupitia lenzi pale kituoni. Nikamwambia ulikuwa na jicho moja.

Akasikitika, akauliza kama ulizaliwa hivyo. Nikasema ndiyo. Nisamehe, mume wangu. Najua yalikuwa mawili. Nakesha nikilitafuta la pili.

Pumzika,
mkeo, Mama Ntumba