Bima ya Zuhura na Mdomo Wangu

Jeff, bima wamekataa kulipia upasuaji wa goti la Zuhura. Wamekataa!

Eti hawalipii ugonjwa ulioanza kabla sijamkatia huyu paka wangu bima. Nikamwakia dada wa bima: "Nani kasema ulianza kabla?"

"Wewe. Ulimwambia daktari wa wanyama anachechemea tangu azaliwe."

Tangu azaliwe! Jeff, ameanza juzi tu, aliporuka kutoka juu ya kabati. Lakini si unajua kwetu, usipolia sana hospitalini unasahaulika kwenye foleni? Nikadhani na huku ughaibuni, Tooting, ni vilevile.

Nikameza kiburi, nikakiri nilitia chumvi.

Yule dada akauliza kwa upole, "Sasa tukuamini ulipokuwa unaomba huruma, au sasa unapoomba pesa?"