Nyongeza ya Akoth

Dada mpendwa Eddah,

Niwie radhi kwa kimya changu. Uliniomba nirudi Siaya, kwa kuwa tangu wifi yako afariki ninaishi peke yangu hapa Kibera.

Nina mwanafunzi, Akoth, ambaye mamake huuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Nilimfundisha hesabu za sehemu kwa ubao, kwa wimbo na kwa vikundi, hakujibu neno. Jana nilileta omena darasani, nikazigawa mafungu manne sawa.

"Wee mwalimu, kastoma atahama!" Akoth akapaza sauti. "Nyongeza iko wapi?"

Darasa lilicheka. Akaja mbele, akagawa upya, akitenga kidogo cha kumwongezea mteja juu ya fungu lake, akatufundisha hadi kengele.

Jioni nilifungua mlango nikianza kusimulia, kisha nikakumbuka kwamba hakuna wa kunisikia.

Nikishaamua kurudi au kubaki, nitakuandikia.

Kaka yako,
Okello