Hasira za Baba

Jumatatu, 7 Aprili
Nimemwagilia miche ya kabichi. Nilipomaliza nikaanza upya. Neema akanikumbusha kwamba imeshapata maji, nikamrushia ndoo. Haikumpata. Mke wangu niliyeishi naye miaka kumi na tano, kwa sababu ya kabichi! Najichukia.

Jumatano, 9 Aprili
Mazoezi ya bendi ya tarumbeta kanisani. Wimbo wa Pasaka naupiga tangu nilipopata kipaimara. Leo, mstari wa tatu, mkono haukujua uvute bomba la tromboni hadi wapi. Nikakosea mara nne. Wenzangu wakacheka, nikaondoka bila kuaga. Njiani nimempita mama mkubwa bila shikamoo. Si kiburi. Nilimwona kabisa, salamu haikuja tu.

Ijumaa, 11 Aprili
Mama mkubwa kaja kushtaki kwa Neema. "Mumeo kaanza kama baba yake."
Baba alitupiga. Alitukana. Mwishoni alikaa kutwa akitazama ukuta. Wengine walisema pombe, wengine walisema karogwa. Mimi nilisema ana roho mbaya. Kila Pasaka bendi hupiga makaburini na watu hupalilia makaburi ya kwao. La baba sijawahi kuligusa.

Jumanne, 15 Aprili
Hospitali. Majibu ya damu niliyotoa Januari, nilipoanza kusahausahau, yamerudi. Huntington. Ugonjwa wa ubongo, wa kurithi. Unaharibu uwezo wa kupanga mambo, kumbukumbu na uvumilivu, pengine kabla mwili haujaanza kuchezacheza. Daktari anasema bila shaka baba alikuwa nao. Binti yangu Tumaini naye huenda kaurithi, nusu kwa nusu.
Neema nimemwambia ni presha. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 17 Aprili
Sijatoka kitandani. Hakuna kinachouma, sitaki tu. Jioni nikanyoosha mkono kuchukua kikombe, Tumaini akaruka nyuma. Nami mbele ya baba nilikuwa naruka hivyohivyo.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka
Alfajiri, makaburini, ukungu mzito. Mstari wa tatu nilishusha tromboni, wenzangu wakaumaliza. Hakuna aliyecheka.
Kisha nikapiga magoti kwenye kaburi la baba, nikaanza kung'oa magugu. Neema akasogea. "Baba Tumaini, leo kuna nini?" Nikamwambia yote. Akalia sana. Halafu akainama upande wa pili, akang'oa na yeye.
Miaka yote nimemchukia mgonjwa. Nimemwomba baba msamaha, kwa sauti.
Tumaini alileta maua. Nilimwambia aliyelala hapa ni babu yake.