Risasi ya Paa la Keshero

Siku ya kwanza ya juma, 4 mwezi wa kumi 1954
Nimesukuma kitanda tena. Sasa kiko karibu na mulango. Sufuria mbili chini ya matone. Maji yanashuka palepale mapaa mawili yanapokutana, kwenye bonde alilotandika marehemu mume wangu mabamba ya risasi, madini mazito na laini. Mapadri walipobomoa nyumba yao ya zamani walimupa mategula, vigae vya udongo, na ile risasi, malipo ya ufundi. Miaka kumi na nane imekaa. Mvua ya huku ina moshi wa mulima wa moto, inakula mabati. Risasi, mvua haiwezi kuila. Kwa hiyo sielewi.

Siku ya tatu, 6
Mutoto wangu Anselmi amekuja kutoka Kibati na lori la shamba. Ameangalia dari, amenusa kuta. Amesema mbao zinaoza. "Mama, siku ya Mungu ya tarehe 24 nakuja. Kama bado inavuja, nakupakia, unakuja kukaa kwangu."
Nakupakia. Kama gunia.
Sitaki Kibati. Muke wake anapika sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, na ananiita maskini mbele ya watu. Nyumba yangu ni hii ya Keshero.

Siku ya ine, 7
Nimemuita Kambale, fundi wa mapaa anayekaa Kituku. Mufupi, anaongea sana. Amepanda, ameshuka.
"Mama, risasi imepasuka fasi tano, hapa, hapa na hapa. Nani alipiga misumari huku na huku?"
Nikasema ni mume wangu.
"Basi ni yeye aliyeiua."
Nimemufukuza. Ngazi yake nimeiburuta mimi mwenyewe mpaka barabarani. Mutu aliyezikwa hawezi kujibu. Mimi nipo, najibu.
Sababu ya misumari kila mutu hapa anaijua. Wavuvi wa ziwa wanatafuta risasi, wanaiyeyusha, wanaifunga kwenye nyavu ili zizame. Ya jirani yetu waliivua yote. Muzee wangu akapigilia yetu pande zote mbili, musumari kila upana wa kiganja. Haikuibiwa hata kipande.

Siku ya posho (ya sita), 9
Fundi mwingine. Huyu hakusema neno juu ya marehemu, nimemupenda kwa hilo. Amepaka gudron, lami nyeusi, nene kama bugali. Kabla ya saa sita amemaliza. Imekwisha.

Siku ya Mungu, 10
Misa. Kambale alikuwa benchi ya mbele yangu. Tulipotoka sikumupa mukono.

Siku ya pili, 12
Jua kali.

Siku ya ine, 14
Mvua ya mawe. Gudron imepasuka kama kisigino kisichopakwa mafuta. Kipande cha dari kimeanguka juu ya kitanda. Nimelia kidogo, halafu nikakasirika. Nimemutafuta yule wa gudron. Wanasema amekwenda Rutshuru kwenye matanga. Mujinga. Na mimi niliyemuchagua sijui niitwe nani.
Zimebaki siku kumi.

Siku ya posho, 16
Nimepanda mwenyewe. Jirani ameshika ngazi, anapiga kelele kwamba bibi anataka kufa. Nikamuambia ashike, asihubiri.
Nimekwangua gudron. Nyufa zinatoka kwenye musumari mumoja, zinakwenda kwenye musumari mwingine. Saa sita risasi ilikuwa ya moto, imevimba katikati. Saa kumi na moja nikapanda tena. Baridi imekuja, risasi imelala chini. Mukono wangu haudanganyi. Inataka kutembea na jua, na imefungwa pande zote. Funga mbuzi miguu yote mine, atajiumiza tu.
Muzee alikosea. Naandika hapa kwa sababu kusema siwezi. Alikuwa fundi wa matofali, si wa risasi. Aliwaza wezi tu.

Siku ya Mungu, 17
Baada ya misa nimekwenda kwa Kambale. Sikuomba musamaha.
"Umekuja kuburuta nini leo, mama?"
"Nimekuja kukupa kazi. Na ufunge mudomo juu ya marehemu."
"Nitaufunga. Lakini misumari nitaing'oa."
"Ing'oe."
Muke wake alicheka jikoni. Nilimusikia.

Siku ya tano, 22
Siku tatu za kazi. Ametoa mbao mbili, zimeoza kama mukate ndani ya chai. Risasi ameikata vipande vifupi, cha juu kinalalia cha chini kama mategula. Misumari miwili tu kichwani mwa kila kipande. Pembeni amekunja tu, hakupiga musumari. Fasi iliyopasuka ameondoa, ameweka mpya.
Nikamuuliza, na wezi?
"Mwizi gani atapanda kwako, mama? Ulimi wako unafika Kituku mbele yako."
Nimemupa chakula mara ya pili. Ni mufupi lakini ni fundi.

Siku ya Mungu, 24
Mvua tangu alfajiri. Nzito. Sikwenda misa, Mungu anisamehe, nilikaa chini ya bonde la paa nikiangalia juu. Kukavu.
Anselmi amefika nikimenya ndizi. Amepapasa ukuta, ameangalia dari muda mrefu. Ameketi. Amekula.
Ameuliza nani ametengeneza. Nikamuambia ni Kambale, amenyoosha kazi ya babako.
"Baba alikosea nini?"
"Aliifunga sana."
Lori limerudi Kibati tupu. Mvua bado inanyesha.